Ijaribuni Piko Kabla ya Siku ya Harusi

Bibi harusi wa kijiji cha Mlali akichorwa piko, yaani hina nyeusi, usiku wa kuamkia harusi, amechelewa kuijaribu. Hina halisi hutoa wekundu wa kahawia. Weusi wa piko mara nyingi hutokana na unga wa kupaka nywele rangi, wenye kemikali ya parafenilinidiamini. Mwili ukiikataa, madhara huweza kuja siku ya pili au ya tatu: ua lililochorwa mkononi linavimba, linatoka malengelenge, pengine linaacha alama ya ua lilelile.

Kwa hiyo paka piko kidogo ndani ya kiwiko, subiri angalau saa 48. Ngozi yetu nyeusi huficha wekundu. Basi sikilizia muwasho, papasa uone kama pamevimba. Aliyewahi kudhurika asijijaribu nyumbani, amwone daktari wa ngozi. Kwa daktari hubandikwa viraka vya kupimia mgongoni, vikatolewa baada ya siku mbili, na ngozi ikatazamwa tena baadaye.

Lakini tusimtwishe bibi harusi mzigo wote. Shirika la Viwango Tanzania (TBS), lililokabidhiwa usimamizi wa vipodozi mwaka 2019, lifike hadi maduka ya vijijini, unakouzwa unga usio na lebo.