Saratani Kali na Saratani Pole: Picha ya Tezi Dume kwa Mgonjwa wa Mara

Mwanamume wa Bunda, mkoani Mara, akiambiwa kipimo chake cha damu cha PSA kimepanda, nyumbani huulizwa jambo moja: ana saratani au hana? Daktari wake ana swali zito zaidi. Kama ipo, ni ya namna gani? Saratani ya tezi dume ndiyo inayoongoza kwa wanaume wa Tanzania, lakini zote hazina mwendo mmoja. Ipo inayokaa ndani ya tezi miaka mingi bila kumsumbua mwenye nayo, na ipo inayokimbilia mifupa ya nyonga na uti wa mgongo kabla hajajua kwamba anaumwa. Mwenye ya kwanza akifanyiwa upasuaji asiouhitaji, anaweza kupoteza nguvu za kiume au kushindwa kuzuia mkojo bure. Mwenye ya pili akicheleweshwa, anaweza kufa. PSA peke yake haiwatenganishi, maana hupanda hata tezi ikitanuka kwa uzee au ikipata maambukizi.

Tangu miaka ya 1960, Donald Gleason wa Marekani alipoweka mizani yake, ukali hupimwa kwa hadubini: vinyama hutolewa kwa sindano, na mtaalamu wa patholojia hutazama seli zilivyopoteza mpangilio. Mizani hiyo ingali msingi wa tiba. Tatizo ni sindano, ambayo bila picha ya kuiongoza huchoma kwa kubahatisha. Ultrasaundi huonyesha vizuri ukubwa wa tezi, lakini uvimbe wenyewe mara nyingi hauonekani. Picha ya CT hufaa zaidi kutafuta saratani iliyokwisha sambaa.

Mashine ya MRI huona kingine. Katika tezi yenye afya, maji husogea kwa nafasi. Saratani kali husongamanisha seli hadi maji yakakosa pa kupita, na mashine hiyo hupima msongamano huo. Bingwa wa radiolojia hutoa alama 1 hadi 5, kwa mfumo uitwao PI-RADS. Alama 5 haithibitishi saratani, wala 2 haihakikishi kwamba haipo. Lakini sindano sasa inajua inakokwenda. Utafiti wa PROMIS uliotolewa Uingereza mwaka 2017, kwa wanaume 576, ulionyesha kuwa MRI ilibaini asilimia 93 ya saratani zenye hatari, na sindano ya kubahatisha asilimia 48.

Kwa mgonjwa wa Mara, tatizo lingine ni umbali: kutoka Musoma hadi hospitali ya Bugando, Mwanza, ni zaidi ya kilomita 200, kupitia Bunda, Lamadi na Magu. Mzee wa Butiama hutafuta kwanza usafiri wa kumfikisha barabara kuu. Kila safari ina nauli, malazi na kijana wa kumsindikiza, ambaye siku hiyo ameacha shamba au nyavu.

Ndiyo maana matokeo ya utafiti wa PRIME, yaliyotolewa mwaka 2025, yana uzito mkubwa kwa Mara. MRI fupi, isiyohitaji kuchoma dawa ya gadoliniamu mshipani, iligundua saratani zenye hatari sawa na ile ndefu yenye dawa hiyo: takriban asilimia 29 ya wanaume kwa kila njia. Gharama inapungua, na mashine ileile inahudumia watu wengi zaidi kwa siku. Sharti ni picha safi na msomaji aliyezoea. Picha mbovu mikononi mwa asiyefundishwa inaweza kumrudisha nyumbani mtu mwenye saratani kali. Kwa hiyo fedha za mafunzo zinastahili kutengwa pamoja na za mashine. Picha inaweza kutumwa kwa intaneti ikasomwa mji mwingine, na mgonjwa akasubiri majibu akiwa kwake.

Si kila mgonjwa anayehitaji picha hiyo. Mwenye PSA ya mamia na maumivu ya mifupa anahitaji tiba ianze; picha ya tezi haitamwongezea mengi. Na yule ambaye miguu imeanza kufa ganzi au kukosa nguvu apelekwe hospitali siku hiyohiyo, kwa sababu saratani huenda imeanza kuubana uti wa mgongo, na akichelewa anaweza asitembee tena.