Birika la Wazee

Nasaha zilizotolewa na wenye mamlaka juma hili kwa munasaba wa tarehe 17 Mei, siku ya dunia ya shinikizo la damu, yaani tansio, ambayo kwetu Kongo huangukia mapumziko ya kuukumbuka ukombozi wa mwaka 1997, mmekwisha kuzisikia, wala hatuna haja ya kuzirudia. Lililotukaa rohoni ni moja: kwamba mzee mwenye tansio na magoti mabovu afanye mazoezi ndani ya maji. Neno hili ni la kweli, na kwa kuwa ni la kweli ndiyo maana latuuma, sisi tulio katika mji wa Kamina.

Mtu asimamapo katika maji yanayomfika kifuani, maji humbana miguu na tumbo kutoka kila upande, na damu iliyokuwa imetuama miguuni hupanda kifuani. Moyo, ukijiona umejaa kuliko ada yake, huyaamrisha mafigo yatoe chumvi na maji, na kila mtoto aliyepata kuoga mtoni ajua jinsi haja ndogo inavyomshika punde baada ya kujitosa. Kazi hiyo hiyo hufanywa na baadhi ya vidonge ambavyo wazee wetu huandikiwa, wakakosa fedha za kuvinunua. Tena maji humbeba mtu, hata magoti yaliyochakaa kwa kazi ya reli yakabakiwa na sehemu ndogo tu ya uzito wake. Huko São Paulo, nchini Brazili, Guilherme Guimarães na wenzake waliwatia katika maji ya vuguvugu wagonjwa ambao tansio yao ilikuwa imekaidi dawa za namna 3 na zaidi, wakawazoeza mara 3 kwa juma muda wa majuma 12, na matokeo waliyoyachapisha mwaka 2014 yalionyesha kwamba tansio ilishuka, mchana na usiku.

Basi maji yako wapi? Tumeuliza hapa redioni kiangazi na masika, na leo twauliza tena: maji yako wapi, katika mji ambao mama wa miaka 70 angali akijitwika bidoni kabla jua halijachomoza? Asitokee mtu wa kuwaelekeza wazee kwenye Lualaba kule Bukama, wala kwenye maziwa ya Upemba na Kisale, kwani huko kuna mamba, kuna kichocho, na kipindupindu kimefanya maskani miaka nenda miaka rudi. Wala asitokee wa kuwatumbukiza kijitoni alfajiri ya mwezi wa Juni: mji wetu umeinuka mita zipatazo 1,100 juu ya bahari, na maji ya baridi hukaza mishipa na kuipandisha tansio ile ile tunayotaka kuishusha.

Watasema twadai anasa. Hatukubali. Twadai birika la saruji karibu na hospitali, lenye kina cha kumfika mzee kifuani, lenye ngazi pana na chuma cha kushikia, likae juani tangu asubuhi lipate joto, na maji yake yatiwe dawa na kubadilishwa. Mji uliojengewa njia panda ya reli za Lubumbashi, Ilebo na Kabalo, na kambi ya jeshi yenye kiwanja cha ndege mashuhuri, hauwezi kushindwa na birika. Lakini litajazwa nini ikiwa bomba la mtaani ni kavu? Twarudi palepale, kwenye maji.

Enyi watoto wa wazee, wapelekeni wakapimwe, na kipimo kikifika 140 kwa 90, wakapimwe tena siku nyingine, msingoje kichwa kiume, kwa maana maradhi haya aghalabu hayana dalili! Asiwepo wa kuacha vidonge kwa sababu ya mazoezi! Mpaka maji yapatikane, tembeeni nao dakika 30, siku 5 kwa juma, na samaki wa chumvi apungue sahanini! Siku watakapoingia majini, watoke polepole, maana damu hurudi miguuni kwa ghafula na kizunguzungu huangusha. Nanyi wenye mamlaka, nasaha mmezitoa, nasi tumezipokea kwa taadhima. Sasa fungueni mabomba, mtaa kwa mtaa, kisha mwiteni fundi aanze kuchimba birika kiangazi hiki, kabla mvua za Oktoba hazijaanza!