Mfadhili Si wa Siku ya Shida Tu

(Mazungumzo ya kamati ya mfuko, siku ya maadhimisho ya miaka kumi ya kikundi chetu)



Tumeombwa tuzungumzie namna ya kuchangisha fedha za shughuli zisizo za faida, na namna ya kuishi vizuri na wanaotuchangia. Tutasema tuliyoyaona sisi wenyewe, pamoja na makosa yetu.

Mnajua nyote kwamba, mbali na hisa na mikopo, kikundi kina mfuko wa kuwalipia usafiri kina mama wanaoshikwa na uchungu usiku, wafike Hospitali ya Bombo. Mfuko huu hauna faida ya kugawana. Unaishi kwa michango.

Mfanyabiashara mmoja wa Ngamiani alikuwa akituchangia kila Ramadhani. Tulipokea, tukashukuru pale mlangoni, tukaenda zetu, mpaka Ramadhani nyingine. Mwaka wa tatu akasema hana. Masika yale mwenzetu mmoja alishikwa na uchungu usiku. Sanduku likafunguliwa, mna sarafu tu. Dereva wa bajaji alikubali kumpeleka kwa deni. Mama alijifungua salama, lakini aibu ile hatujaisahau.

Tukamwendea yule mzee, tukamwuliza tumemkosea nini. Akasema, "Wanangu, hela si neno. Lakini mnakuja nikitakiwa kutoa tu. Sijui hata mama mmoja aliyefika hospitali kwa hela yangu." Tulitazamana. Hatukuwa na jibu, maana hata daftari la mfuko hatukuwa nalo. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi tulipoteza mali, na mtu pia.

Tangu siku hiyo tunafuata mambo haya matano.

Kwanza, tunaanza na sisi wenyewe. Kabla ya kumwendea mtu wa nje, kila mwanachama anatoa chake, hata kama ni kidogo. Huwezi kumwomba jirani akusaidie kubeba mzigo ambao wewe mwenyewe hujaugusa.

Pili, tunaomba kitu chenye jina na bei. Tujifunze kwa kamati za harusi, jamani. Kadi ina tarehe, mweka hazina ana orodha ya ahadi, na kuna mtu wa kufuatilia. Mbona haya tunayajua kwenye harusi, tukija kwenye kikundi tunaomba "msaada wowote"? Sisi sasa tunasema: nauli ya bajaji ya usiku kutoka hapa mpaka Bombo ni kiasi hiki. Anayetoa anajua amemfikisha mama mmoja, au wawili.

Tatu, kila shilingi ina stakabadhi. Tangu huduma za kutuma fedha kwa simu zilipoanza nchini mwaka 2008, mchango unaweza kuja hata kutoka kwa binti yetu aliyeko Maskati. Ni jambo jema. Lakini hela ikiingia kwenye namba ya mtu binafsi, maneno huanza. Basi tumeweka namba ya kikundi, na hela haitoki mpaka wakubaliane watu watatu.

Nne, tunarudisha taarifa bila kuomba kitu. Kila baada ya miezi mitatu tunawapelekea wachangiaji karatasi moja: kilichoingia, kilichotoka, kina mama wangapi wamefika. Jina la mzazi hatulitaji, wala picha yake hatupigi bila ridhaa yake. Na wachangiaji si wenye maduka peke yao. Dereva anayekubali nusu nauli usiku wa manane naye ni mfadhili, na karatasi anapelekewa.

Tano, hatumtegemei mmoja. Wakubwa wetu wanaukumbuka mradi wa hifadhi na maendeleo ya mwambao wa Tanga, ulioanza mwaka 1994 kwa fedha za serikali ya Ireland na utaalamu wa IUCN. Ulifanya kazi na vijiji vya Tanga, Muheza na Pangani juu ya uvuvi na mikoko. Mwaka 2007 ulifika mwisho. Hatuwalaumu, maana mradi wa mkataba una siku yake ya kufunga. Lakini bahari ilibaki, na watu wake wakabaki. Mfadhili wa mbali akija tumpokee kwa heshima, ila nguzo za nyumba ziwe za hapa hapa.

Na nguzo hizo ni watu wanaojuana. Mwaka 1955 Bibi Titi Mohamed alipokabidhiwa kazi ya kuwaingiza wanawake katika TANU, aliwapitia kina mama katika vikundi vyao vya ngoma pale Dar es Salaam. Hakuanza na wageni. Alianza pale ambapo watu walikwisha kuaminiana.

Mtauliza, je, yule mzee wa Ngamiani? Tulimpelekea karatasi ya kwanza, tukamwambia hatukuja kuomba. Akavaa miwani, akasoma mpaka chini. Akauliza deni la yule dereva kama lilikwisha kulipwa. Tukamwonyesha mstari wake kwenye daftari: limelipwa. Akacheka. Ramadhani iliyofuata hakungoja tumwendee, alimtuma mwanawe.

Ndugu zetu, leo hatukuzungusha bakuli. Pale mezani karibu na mlango lipo daftari la mfuko. Pita, lifungue, usome, na palipokuwa na kasoro utuulize mbele ya wote. Ukiridhika, mweka hazina yupo na kitabu cha stakabadhi.