Siku Isiyo na Darasa

Msikilizaji uliyejiunga na chuo cha jamii hapa Marekani, umepangiwa kozi ya kuimarisha uandishi? Usione haya. Inakuandaa kwa insha za chuo, ingawa kwa kawaida haihesabiwi kwenye shahada.

Huenda sehemu ya kozi yako ni darasani, sehemu ni mtandaoni. Hapo ndipo wengi huteleza. Siku isiyo na darasa si siku ya mapumziko.

Fanya hivi. Kwanza, tenga saa za kuandika, kama unavyotenga zamu ya kazi. Pili, fungua ukurasa wa kozi kila siku, usome maoni ya mwalimu. Tatu, peleka rasimu mapema kwenye kituo cha uandishi chuoni. Mara nyingi huduma hiyo ni bure.

Narudia: siku isiyo na darasa si mapumziko. Mtandaoni hakuna kengele. Jipigie mwenyewe.