Mnazi wa Wakfu

Sifa zote njema zinamstahikia Mwenyezi Mungu, anayetoa mti mbichi katika mbegu kavu, na akaujaalia tunda na kivuli. Rehma na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na masahaba zake. Ama baad.

Enyi Waislamu, nakuusieni na naiusia nafsi yangu kumcha Mwenyezi Mungu. Khutba yetu ya leo inahusu mti, na hasa mnazi uliowekwa wakfu.

Mtu huuona mti umesimama kimya, akadhani ni kitu kisicho na habari. Qurani yatufunza vingine. Katika Sura ya Hajj, aya ya 18, Mwenyezi Mungu anaitaja miti pamoja na jua, mwezi, nyota, milima na wanyama, kuwa vyote vinamsujudia. Basi mti ni mja kama tulivyo sisi waja, ila mti hauasi.

Sahaba Jabir bin Abdillah (R.A.) amesimulia, na Imam Bukhari ameipokea hadithi yake, kuwa Mtume (S.A.W.) alikuwa akihutubu katika msikiti wa Madina hali ameegemea gogo la mtende. Alipotengenezewa mimbari akaliacha gogo lile, likasikika likilia. Mtume akateremka, akaliwekea mkono mpaka likatulia. Zingatieni, ndugu zangu: lilikuwa gogo lililokwisha kukatwa, halina jani wala tunda, na bado Mtume hakulipuuza.

Lakini heshima si ibada. Mwaka wa 6 wa Hijra (628), masahaba walimbai Mtume chini ya mti pale Hudaybiya, na mti huo umetajwa katika Sura ya Fat-h. Imesimuliwa kuwa Sayyidna Umar, katika ukhalifa wake, alisikia watu wanauendea mti wa mahali pale kusali penye shina lake, akaamrisha ukatwe. Nasi kwetu wapo wanaofunga vitambaa kwenye mbuyu na kuuwekea ubani na chakula, wakitaka uwaondolee shida zao. Mti haumiliki nafuu wala dhara. Njia ya Muislamu iko baina ya mambo mawili: hauabudu mti, wala hauangamizi bure. Sayyidna Abubakar alipopeleka jeshi Sham, alimuusia Yazid bin Abi Sufyan asikate mti wenye matunda. Ikiwa hayo ni katika nchi ya adui, itakuwaje kwa mti wa msikiti wetu wenyewe?

Ndugu Waislamu, Sayyidna Umar alipopata ardhi Khaybar alimtaka Mtume shauri. Mtume akamuelekeza alizuie shina la mali na atoe sadaka mazao yake. Umar akaifanya wakfu: haiuzwi, haitolewi zawadi, hairithiwi. Wazee wetu wa Mwambao na visiwani waliifuata sunna hiyo kwa minazi. Katika ada za kwetu, yawezekana mnazi ukawa na mwenyewe na ardhi ikawa na mwenyewe mwengine. Kwa hivyo hata masikini asiyekuwa na shamba aliweza kuweka wakfu minazi miwili au mitatu. Nazi zikaangushwa na kuuzwa, yakapatikana majamvi ya msikiti, mafuta ya taa, kamba na ndoo ya kisima, na futari ya Ramadhani. Makuti yakaezekea chuo cha watoto. Aliyeupanda yumo kaburini, pengine jina lake limesahauliwa, lakini sadaka yake inaendelea. Mtume ametufunza kuwa mwanadamu akifa amali zake hukatika isipokuwa tatu: sadaka yenye kuendelea, elimu yenye kunufaisha, na mtoto mwema anayemuombea.

Leo hali imegeuka. Ardhi karibu na miji imepanda thamani, na mashamba ya wakfu hukatwa viwanja. Warithi husema: huu mnazi ulikuwa wa babu yetu. Msimamizi huchuma nazi asitoe hesabu. Wengine husema: mti umezeeka, wakfu umekwisha. Jibu la hawa limo katika kitabu cha Minhaj cha Imam Nawawi, kinachosomeshwa katika vyuo vyetu. Kwa madhehebu yetu ya Imam Shafi, mti wa wakfu ukikauka, wakfu haukatiki kwa kukauka kwake. Hunufaika watu kwa gogo lake. Ikiwa gogo kavu lina haki, mnazi mbichi unaozaa una haki kubwa zaidi. Anayeuuza hakuuza mti tu. Amemzimia maiti taa yake, na maiti hana mdomo wa kushitaki.

Wazee wamesema: mti mkuu ukigwa, wana wa ndege huyumba. Wana wa ndege hapa ni watoto wa chuo, mayatima, na msafiri anayelala msikitini.

Basi yafanyeni haya. Kila mtaa uijue minazi yake ya wakfu kwa idadi na mipaka, na iandikwe mbele ya mashahidi. Msimamizi atoe hesabu kila mwaka, kwani ni mwenye amana, si mwenye mali. Na panapokauka mmoja, ipandwe miche. Mnazi wetu mrefu huchukua miaka 6 na zaidi kabla ya kuzaa, na huweza kuishi miaka 60 na kupindukia. Anayeukata kwa asubuhi moja hawezi kuurudisha kwa asubuhi moja. Wala mzee asiseme: sitaula. Mtume ametuamrisha kuwa hata Kiama kikisimama na mmoja wetu ana mche mkononi, akiweza kuupanda na aupande.

Ewe Mola wetu, warehemu waliotupandia, wape mashamba Peponi badala ya waliyotuachia, na tujaalie sisi tuwe waaminifu wa amana zao. Nasema kauli yangu hii, na namuomba Mwenyezi Mungu atughufirie mimi na nyinyi. Amin.