Bia ikipanda, hela yake iende wapi?



Kila Juni bajeti ikisomwa Dodoma, sisi tunangoja kusikia kitu kimoja: bia imepanda au haijapanda. Ikipanda tunapiga kelele kwenye magrupu, kesho yake tunanunua kwa bei mpya. Nani anauliza ile hela imeenda kufanya nini?

Mimi sipingi ushuru wa pombe. (Naona wengine mmenuna, vumilieni kidogo.) Ninachopinga ni serikali kumtoza mnywaji kila siku, halafu akiugua anaachiwa mama yake. Maana uraibu wa pombe ni ugonjwa. Mtu aliyezoea kunywa kutwa, ukimfungia chumbani aache ghafla, anaweza kutetemeka, kuweweseka, kupata degedege, hata kufa. Huyo anahitaji daktari na dawa. Sisi mtaani tunamtafutia kamba, mchungaji au shehe. Nyumba za upataji nafuu zipo, lakini nyingi zinataka malipo ya kila mwezi, na mama lishe atayatoa wapi?

Kwenye heroini tumeona inawezekana. Muhimbili walianza kliniki ya methadone mwaka 2011, mraibu anakunywa dawa bure. Nataka mnywaji wa pombe naye apate mlango kama huo hospitali ya wilaya.

Watatuambia kila shilingi lazima iingie Mfuko Mkuu wa Hazina. Siyo kweli. Ibara ya 135 ya Katiba inaruhusu sheria itenge mapato kwa kazi maalumu, ndiyo maana tozo ya mafuta inaenda Mfuko wa Barabara. Thailand tangu 2001 wanatoza asilimia 2 juu ya ushuru wa pombe na tumbaku, inaenda moja kwa moja kwenye mfuko wa kukuza afya.

Sasa, gongo. Ukipandisha bia sana, mwenye kipato kidogo anahamia kwenye gongo, ambayo hailipi hata senti. Viroba vilipigwa marufuku Machi 2017, unywaji haukuisha. Kwa hiyo msimamo wangu: tuanze kutenga sehemu ya ushuru unaokusanywa leo, kwa tiba na kwa elimu shuleni, kabla ya kuongeza hata shilingi moja kwenye chupa.

Kila tawi limwandikie mbunge wake, wa chama chochote: atadai asilimia ngapi itengwe? Majibu tuyasome kikao kijacho, na asiyejibu tumtaje.