Joto Lililozama Baharini



Watu wanapotaja kuzidi kwa joto la dunia, aghalabu huitazama hewa. Huuliza mwaka huu umeupita mwaka jana kwa kiasi gani, na ukitokea mmoja wenye nafuu, wako wanaofarijika wakidhani jambo limetulia. Nadiriki kusema mbele yenu kwamba hewa ni shahidi dhaifu, kwa kuwa katika harara yote ya ziada ambayo dunia imeilimbikiza tangu mwaka 1971, zaidi ya sehemu tisa katika kumi zimeingia baharini, na hewa yenyewe imepata kama sehemu moja katika mia.

Sababu imo katika tabia ya maji. Meta moja ya ujazo ya maji ya bahari, ili ipande uzi mmoja wa joto, hutaka harara mara elfu tatu na zaidi kuliko hewa ya ujazo huohuo; na bahari, kwa wastani, ina kina cha karibu meta 3,700. Tena maji hayatulii: pepo huyakoroga, na kaskazini mwa Atlantiki na kandokando ya Antaktika maji baridi yenye chumvi nyingi huzama kwa uzito wake, nayo yakiwa yamezidi joto walau kidogo kuliko yale yaliyozama zamani, ziada hiyo hushuka nayo vilindini.

Nitakawia kidogo juu ya namna hayo yalivyothibitika. Mwezi wa Disemba 1872 merikebu ya Kiingereza, Challenger, iling'oa nanga Portsmouth, mwanazuoni wake mkuu akiwa Charles Wyville Thomson, ikazunguka bahari za dunia hadi 1876. Vituoni mabaharia waliteremsha kamba ndefu zenye vipimajoto vilivyovikwa kioo cha pili ili visipondwe na uzito wa maji. Wakangoja, wakavuta, wakaandika. Hawakutafuta dalili ya dunia kuzidi joto. Walitaka kujua bahari ilivyo, na uaminifu wao katika kuandika ndio uliotufaa sisi. Mwaka 2012 Dean Roemmich na wenzake wawili waliyachukua maandishi hayo wakayalinganisha na vipimo vya maboya ya Argo, ambayo huchukuliwa na mkondo kwenye kina cha meta 1,000, na kila baada ya siku kumi hivi hushuka hadi meta 2,000, kisha hupanda yakipima joto na chumvi njia nzima, na kupeleka hesabu zao kwa setilaiti. Ikadhihirika kwamba usoni pa maji joto limezidi kwa karibu nyuzi 0.6 za Selsiasi, na kwenye pima 500 kwenda chini, mahali ambapo mwanga wa jua ni kama haufiki, limezidi kwa zaidi ya nyuzi 0.1. Mtu asiidharau sehemu hiyo ya kumi. Azidishe kwanza kwa maji yote yaliyoipokea.

Kwetu pwani habari hii ilifika zamani. Wakati wa maleleji, kaskazi ikiisha na kusi haijashika, bahari hukosa upepo wa kuikoroga na kuipoza, na katika majira hayo ya mwaka 1998 matumbawe ya Malindi na Mafia yalifukuza mwani uishio ndani ya miili yake na kuyalisha, yakapauka, na mengi yakafa. Mwaka 2019 nao, maji ya upande wetu wa Bahari ya Hindi yakiwa na joto kuliko kawaida na yale ya Sumatra yamepoa, mvua za vuli zilishuka kwa wingi na nguvu, zikagharikisha mashamba na makazi Afrika Mashariki.

Kisha maji yakipata joto hutanuka, na sehemu kubwa ya kupanda kwa bahari imetokana na kutanuka huko. Lau moshi wote wa viwanda na vyombo vya moto ungekoma leo, hewa ingeacha kuzidi joto baada ya muda si mrefu, lakini harara iliyokwisha kuingia ingeendelea kushuka vilindini kwa karne nyingi, na maji yangeendelea kupanda. Basi mhandisi anayejenga gati sasa hivi Tanga au Lamu hana budi kulipimia bahari itakayokuwa, wala si hii aionayo.